Mbweu za Asumini

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi semina. Wametupa daftari, kalamu, soda na robo kuku. Daftari ni la kuandika kila siku mnyama wako kala nini. Skuli sikwenda mie. Alif nilipewa chuo cha Kurani, na herufi hizi nyengine nilipewa kisomo cha watu wazima, nshapata wajukuu. Kwa hiyo naandika polepole, na naandika nnachotaka.

Asumini leo: majani, maganda ya ndizi, na pindo la kanga yangu niliyoianika.

Asumini ni ng'ombe wangu. Jina hilo la ua nilimpa siku aliyozaliwa, kabla sijamnusa vizuri.

Msemaji wa semina ni binti mmoja anaitwa Salhiya, wa mradi. Mtoto mzuri, ushungi safi, sauti ya mtu aliyelishwa vizuri utotoni. Kasema dunia inazidi joto, na sisi wafugaji mkono wetu umo. Ng'ombe akicheua hupiga mbweu, na kwenye mbweu ile mna hewa inayopanda juu ikaifunika dunia kama blanketi. Mavi nayo, yakiachwa rundo, yanatoa hewa hiyo hiyo.

Nikanyanyua mkono. Nikamuuliza, ng'ombe wangu mmoja wa Mpendae, mwenye mkia mmoja, ndiye aliyelifuma blanketi hilo? Au ni yale madege yanayopita juu ya bati langu kutwa kucha? Ukumbi mzima ukacheka. Salhiya hakukasirika. Akasema bibi umesema kweli, madege yamo, magari yamo, na ziko nchi zina ng'ombe kuliko watu, na hao ndio wenye fungu kubwa. Lakini blanketi ni moja, akasema, na sote tumelala ndani yake.

Jibu zuri. Nimemchukia kidogo.

Akasema tena kuna nchi ng'ombe wanalishwa mwani, na mbweu zikapungua. Akaongeza kwamba si mwani huu wetu wa Jambiani, ni mwengine, na wataalamu bado wanauchunguza. Mie nasema mwani ni mwani.

Kubwa lenyewe liko hapa. Mradi una mtambo mmoja wa gesi kwa shehia yetu. Unatia mavi huku, gesi ya kupikia inatoka kule. Atapewa mfugaji mmoja tu. Jumatano ya wiki ijayo Salhiya atapita kwetu kutazama mabanda, na atakuja na mashine ya kupima mbweu. Kasema mashine ni ya kujifunzia, si mtihani. Nshaona watu wengi na mashine zao mie. Kila mwenye mashine ana mtihani.

Jirani yangu Bi Dalal alikaa safu ya mbele. Ana mbuzi watatu, na mbuzi wana mbweu ndogo. Aliandika kila kitu. Kisha akaondoka na kuku wake kwenye mfuko, hajamgusa. Mwanamke hatari.

Jumanne, 4 Februari

Asumini: majani, pumba.

Sheha kaja. Pandu, namjua tangu hana suruali. Shikamoo, marahaba, nikamtilia chai, akainywa yote ndipo akasema alilolijia. Kasema watu wanalalamika harufu. Mpendae si shamba tena, nyumba zimebanana. Ng'ombe wote watoke kabla ya Ramadhani, isipokuwa wa mtu mwenye njia ya kuyahifadhi mavi. Kasema Asumini aende Mkokotoni kwa mwanangu Muhiddin.

Muhiddin ni mtoto wangu na nampenda. Lakini Muhiddin humpenda mnyama akiwa juu ya wali.

Nikamuuliza nani kalalamika. Akasema hayo ya serikali. Serikali haina pua, nikamwambia, hebu nambie pua ya nani. Akaaga.

Mie najua ni pua ya Bi Dalal. Anautaka mtambo. Asumini akiondoka, mbuzi wake ndio watakuwa wanyama wakubwa wa mtaa.

Sasa hili nilieleze. Kila asubuhi nikishakama, kikombe cha kwanza huvuka ukuta kwenda kwa Bi Dalal. Si chake. Ni cha kaka yake, Mzee Salem. Kiharusi kilimchukua upande mmoja, na tangu hapo hakubali ila uji wa maziwa ya Asumini. Ukimpa ya pakti anakutemea. Zamani alikuwa na duka la vitambaa Darajani, na kila zikija kanga mpya ananiwekea doti moja kabla hajazitundika. Mtu kama huyo simwachi afe na pakti mie.

Asumini akienda Mkokotoni, Salem atakula nini? Hilo Bi Dalal hakulifikiria. Mtu akishaing'ang'ania tamaa yake, akili humtoka. Namshangaa.

Alhamisi, 6 Februari

Asumini: majani, maganda ya viazi.

Nimepata njia. Safi kabisa.

Sahani ya Bi Dalal iko kwangu tangu Jumapili, aliniletea visheti. Na sahani ya jirani haturudishi tupu, hata mkiwa mmenuniana. Basi nimekwenda sokoni Mwanakwerekwe, nikanunua kabichi. Kabichi inajaza tumbo hewa, mie nikiila watu wanahama chumba. Nikazikata, nikazipanga juu ya sahani vizuri, nikampelekea. Nikamwambia shoga, hizi zawadi za mbuzi wako.

Mbuzi wakila kabichi leo na kesho na keshokutwa, Jumatano mashine ya Salhiya itapiga kelele mpaka Bububu.

Bi Dalal akaitazama sahani, akanitazama mie. Akasema hajapata kuletewa kitu kwa ajili ya mbuzi wake, hata na wanawe. Macho yakamlengalenga. Nikaondoka haraka.

Ijumaa, 7 Februari

Hakuwapa mbuzi.

Kaona kabichi mpya, safi, kafikiri nimeona haya kumpa mwenyewe ndio nikasingizia mbuzi. Kazipika kwa nazi na pilipili mbichi, karudisha sahani imejaa mpaka ukingoni, na chapati juu. Nikasema nionje tu. Nikaimaliza.

Usiku mzima nimekesha nikipiga mbweu. Mashine ingepita kwangu jana, mie ndiye ningehamishiwa Mkokotoni.

Na sahani iko kwangu tena.

Jumamosi, 8 Februari

Asumini: majani. Bi Dalal ndiye aliyemlisha, kwa sababu mie nilikuwa Jambiani. Sikumwomba. Alijitia tu.

Nimekwenda kwa mdogo wangu Mardhiya kutafuta mwani. Nimemkuta pwani, maji yametoka, anakagua kamba zake. Nikavua viatu nikaingia. Nikatoka. Nikaingia tena nipate hakika. Maji yale yalikuwa ya kumkandia mzazi aliyejifungua jana. Nikamuuliza, bahari imewekwa jikoni? Akasema ndivyo ilivyo msimu huu wa kaskazi, na mwaka jana, na mwaka juzi.

Akaninyanyulia kamba moja. Mwani umegeuka mweupe kama ukucha, ukiushika unakatika. Kamba nzima umebakia utandu tu. Zamani tulikuwa tunapanda hapa hapa pembeni, tunaimba, tunasengenya wanaume. Sasa Mardhiya anaambiwa aende maji marefu ndiko kwenye ubaridi. Mardhiya hajui kuogelea. Kasema amekwenda mara moja, maji yakamfika shingoni, akarudi. Alikuwa akilihadithia hilo huku anacheka.

Nilitaka kusema ni madege. Nilisimama kwenye yale maji ya moto nikamkumbuka Salhiya na blanketi lake.

Kisha nikamwambia Mardhiya asihuzunike, Asumini atanyamaza na bahari itapoa. Akanitazama vile anavyonitazama tangu tuko wadogo. Kanipa gunia la mwani mkavu ambao mnunuzi aliukataa. Nikamwachia kanga yangu niliyoivaa, nikarudi na buibui tu.

Jumapili, 9 Februari

Nimeanza tiba.

Mwani ni wa mwisho. Kwanza dawa ninayoijua. Mbweu ni jambo la tumbo, na tumbo halinishindi. Watoto wote wa mtaa huu nimewatibu mie, wengine sasa ni maofisa. Karafuu, habasoda, tangawizi, ukichemsha pamoja hakuna tumbo linalobisha. Kwa mtoto ni kijiko. Kwa Asumini nimechemsha sufuria ya harusi.

Nusu kainywa. Nusu iko kwenye buibui langu.

Nikakaa kwenye kibao, nikamsikiliza mpaka adhuhuri. Mbweu ni zile zile, hazikupungua hata moja. Ila sasa zinanukia pilau.

Bi Dalal akachungulia juu ya ukuta. Akauliza shoga, kunapikwa nini leo? Nikamwambia pilau. Akauliza, bandani? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nikimbakishia ukoko atashukuru.

Nikalazimika kupika pilau. Kwa kuwa sahani yake ilikuwa kwangu, nikamjazia. Salem kapelekewa mchuzi wake mbali, laini.

Jumanne, 11 Februari

Kesho ndiyo kesho.

Nimemwogesha Asumini. Banda nimelipiga deki, hata sebule yangu haijapigwa deki namna ile. Nimemfukiza udi. Nimemsukia kikuba cha maua, asumini halisi na rehani, nikamfungia kwenye pembe. Alipendeza. Kisha akakila. Nikasuka chengine, nikakitundika juu ya mlango asikifikie.

Mwani kaukataa. Niliuroweka, nikauweka mbele yake, akaugeuzia mgongo na kufanya aliyoyafanya. Basi nikauchanganya na mihogo ya kuchemsha, pumba, na sukari guru. Beseni zima, lile la kufulia. Kalilamba mpaka rangi.

Nikampa jengine.

Asumini leo: yaliyoandikwa hapo juu. Salhiya akiuliza ntasema majani.

Jumatano, 12 Februari

Ya leo ni marefu, lakini ntaandika.

Asubuhi nimekwenda bandani. Kimya. Hakuna mbweu. Nikasubiri. Hakuna. Hata kucheua hacheui, kasimama kama bi harusi anayesubiri kufunuliwa uso. Nikasema alhamdulillahi, nimeishinda mashine. Nilicheza pale pale bandani, ndoo mkononi.

Nikakaa chini nimkame. Akanipiga teke. Asumini hajanipiga teke tangu kuzaliwa kwake. Nikainuka, nikauona ubavu wa kushoto. Umepanda juu ya uti wa mgongo, umekaza kama ngoma. Nikaupiga kidole, ukalia kama ngoma. Macho yametoka. Anahema kwa mdomo.

Sikujua la kufanya. Nimezalisha watu mie, nimeosha maiti mie. Nilisimama tu pale na kikombe cha Salem mkononi.

Ndipo akaja Bi Dalal. Aliona kikombe hakijavuka ukuta. Kaingia kichwa wazi, bila hata kanga, yeye ambaye huvaa soksi kwenda dukani. Akamtazama Asumini, akaniuliza, Mwanamwema, umempa nini? Nikasema sikumpa kitu. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ambayo hata mama yangu hakuwa nayo. Nikasema yote. Mwani, mihogo, sukari. Na karafuu juzi.

Akasema, unataka kumuua huyu?

Nikaanza kulia. Akasema nilie baadaye, sasa nishike kichwa.

Mbuzi wake mmoja alipata kufura hivi hivi, ndiyo maana anajua. Alikimbia kwake, akarudi na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua kwa mkono wake, yale anayomkandia Salem mguu. Chupa nzima. Tukampandisha Asumini miguu ya mbele kwenye kizingiti, kichwa kiwe juu. Akamnywesha mafuta kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo, huku anamsemesha Kiarabu. Kisha tukamtia kijiti mdomoni kama hatamu, tukakifunga kwa kanga yangu, apate kutafunatafuna. Akaniambia kanda ubavu. Nikakanda. Yeye akakanda. Mara mie naomba dua, mara yeye, mara anatukana, anatukana vizuri sana kumbe.

Katikati ya hayo Salhiya akatokea mlangoni na mashine yake, na Sheha Pandu nyuma katika kanzu iliyopigwa pasi. Akasema hodi, shikamoo bibi. Nikamwambia marahaba na ondoka.

Hakuondoka. Alitupa mkoba chini, akasogea mbele kumtazama Asumini mdomoni. Mashine bado ilikuwa imening'inia shingoni kwake.

Na hapo ikaja.

Mbweu ile nashindwa kuieleza. Ilianzia mbali, kama lori linapanda kilima. Ushungi wa Salhiya ulipepea. Kikuba juu ya mlango kikaanguka. Mashine ikalia, ikalia zaidi, kisha ikanyamaza kimya na mpaka sasa haijasema kitu. Ikafuata ya pili, na hiyo ilikuja na mafuta na mwani, na kanzu ya Pandu ilikuwa karibu.

Ubavu ukashuka. Asumini akatutazama. Akaanza kucheua.

Nimembusu puani. Nimesema mbele ya wote: Salhiya mwanangu, andika. Andika kwamba huyu ana mbweu kubwa kuliko ng'ombe wote wa Unguja. Mpeleke Mkokotoni, mpeleke Tumbatu, mpe mtambo umtakaye. Madhali yu hai.

Salhiya alikasirika. Sikujua kama anaweza. Kasema bibi, ng'ombe asiyepiga mbweu ni ng'ombe anayekufa, nani kakwambia umzibe mdomo? Kasema kinachotakiwa ni majani mazuri, maji, mnyama mwenye afya, na mavi yasiachwe rundo. Basi. Akauliza nilimpa mwani na mihogo na sukari kweli? Nikamwambia na karafuu. Akakaa juu ya ndoo.

Baadaye alipoa. Akaizunguka nyumba. Kasema banda ni safi kuliko yote aliyoyaona, na mavi ya Asumini ndiyo hasa yanayotakiwa. Kwa mbuzi watatu mtambo hauwaki. Roho yangu ikapanda. Kisha kasema lakini uwani kwangu hapatoshi kuuweka mtambo, nimejaza ng'ombe. Roho ikashuka.

Ndipo Pandu, anafuta kanzu, akasema uwani kwa Bi Dalal panatosha, na mwenyewe alishasema. Nikauliza alisema lini? Pandu akasema Bi Dalal amemwendea mara mbili wiki hii kumwomba Asumini asihamishwe, na kwamba uwani kwake pachimbwe tu, hata mkomamanga wake ukatwe.

Bi Dalal akamwambia Pandu afunge mdomo.

Nikauliza, basi nani aliyelalamika harufu? Pandu akasema, Bi Mwanamwema, nyumba yangu iko upande unaoshukia upepo. Ni mimi.

Mtambo tumepewa sote wawili. Utakaa kwake, mavi yatatoka kwangu, gesi itaingia jiko lake na jiko langu. Asumini anabaki.

Salem alipata uji wake saa nne. Alikuwa amenuna. Bi Dalal amesema mguu wa Salem utakosa mafuta mpaka akamue mengine, kwa hiyo ntakuna mie nazi zote. Nimesema naam.

Asumini leo: mafuta ya nazi. Jioni, majani mepesi.

Jumamosi, 15 Februari

Mafundi wamechimba handaki uwani kwa Bi Dalal, wametandika mfuko mkubwa mweusi kama nyangumi aliyelala. Mkomamanga umenusurika. Ukuta umetobolewa mlango mdogo wa kupitishia ndoo, na sasa Bi Dalal anaingia kwangu bila hodi, na mie kwake, na tushagombana mara mbili kabla ya adhuhuri.

Salhiya katufundisha. Mavi ndoo, maji ndoo, koroga, mimina. Kila siku. Kisha subira, wiki mbili au zaidi. Kasema gesi ikiwaka jikoni madhara yake yanakuwa madogo kuliko ikipanda yenyewe juu, na mkaa tunaupunguza, na miti inabaki kwenye mashina yake. Nimemwelewa. Alinifanya nirudie, nikarudia.

Nimempigia simu Mardhiya. Kauliza bahari itapoa lini. Nikamwambia asubiri kidogo, mfuko haujajaa. Akacheka, kisha akasema sawa dada, nasubiri. Hilo la pili hakulicheka.

Nimemtumia kanga nyengine.

Alhamisi, 27 Februari

Asumini: majani, pumba, maji mengi.

Umewaka. Nimewasha mie kwa sababu Bi Dalal aliogopa, ingawa atakwambia mie ndiye niliyeogopa. Moto wa buluu, mdogo, mzuri kama kikuba. Hauna moshi. Tulikaa chini kuutazama kama watoto wanaotazama katuni.

Cha kwanza kilichopikwa ni uji wa Salem, hapo hapakuwa na mjadala. Kaumaliza, kalamba kijiko. Cha pili chai. Maji yalipoanza kusema, moto ukazimika.

Gesi imekwisha. Gesi ya uji na nusu chai.

Ramadhani ni keshokutwa au mtondo. Wageni wangu wa futari ni wengi, wake wengi zaidi. Nimempigia Salhiya. Kasema hongera bibi, inaanza hivyo, itaongezeka taratibu, msizidishe kitu chochote, msibadilishe chakula, subira tu. Nimemwambia inshallah.

Kisha nikafikiri.

Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema semina kwamba ng'ombe hutoa hewa nyingi kwa mdomo. Kwa mdomo. Sisi tunahangaika na ndoo za mavi, kumbe gesi bora inatokea upande wa pili na kupotea hewani, inakwenda kuifunika dunia na kumwashia Mardhiya bahari. Hii si hasara mara mbili? Na mtu mwenye mtambo anaitazama tu ikipita.

Nina ndoo kongwe isiyo na kitako. Nina mpira wa kumwagilia maua. Ndoo avishwe Asumini mdomoni, mpira utoke kwenye ndoo, upite mlango mdogo, uingie kwenye mfuko. Ataonekana kama amevaa barakoa. Na Mardhiya atapata bahari baridi, na Mpendae itapata sambusa.

Nashangaa wataalamu hawakuliona.

Ijumaa, 28 Februari

Nimempa Bi Dalal habari. Amesema huo ni ujinga mtupu, amesema mie sina akili, amesema nusura nimuue mnyama na sasa nataka kumvisha ndoo. Amesema mengi, na baadhi kwa Kiarabu. Kisha akauliza ndoo yenyewe ya ukubwa gani, kwa maana yake ni pana zaidi na ina mfuniko.

Ndoo itakuwa yake. Kesho nikishakama, na kikombe cha Salem kikishavuka, tutajaribu. Yeye atashika ndoo, mie ntashika mpira. Kinachobaki ni mbweu ziwe za kutosha.

Asumini leo: majani, pumba, na kabichi. Kabichi nyingi.